Ndoo Bado Iko Kichwani: Maneno Yangu kwa Mabinti Wanaotaka Uhandisi

Hotuba hii niliitoa Morogoro, mbele ya wasichana wa mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na wenzao wa vyuo vya ufundi. Wengine walikuwa kwenye mitihani, wengine walikosa nauli, wakaniomba niiweke yote. Nimeiandika kama nilivyoisema.

Walimu wangu, shikamooni. Wazazi mliopata nafasi ya kufika, asanteni sana. Mabinti zangu, hamjambo?

Nimeombwa nizungumze juu ya maisha na kazi yangu kama mhandisi mwanamke. Mimi ni mhandisi wa maji. Sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa vijijini: miradi ya mserereko, ambayo maji hushuka yenyewe kutoka juu bila pampu, visima virefu, matanki, mabomba yanayokatiza mashamba ya watu. Leo nina jambo moja tu, na nitalirudia mpaka mlikariri. Yale mliyoyajua kabla hamjafika darasani, mliyoyajua kwa shingo na mabega yenu, ni elimu ya uhandisi. Mkifika chuoni, msiyaache getini.

Ninyi ni watu wa hesabu, basi tuanze na hesabu. Toeni karatasi.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilituwekea lengo la vijijini. Kila mtu apate angalau lita 25 kwa siku. Kituo cha kuchotea maji kisizidi mita 400 kutoka nyumbani. Kituo kimoja kihudumie watu 250. Nimesanifu miradi mingi kwa namba hizi na ninaziheshimu, kwa sababu kuna mahali nimefika ambapo mita 400 ni ndoto. Lakini tuzikokotoe.

Familia ina watu watano. Watano mara 25 ni lita 125. Ndoo ni ya lita 20. Safari ngapi? Sita, na bado zimebaki lita tano. Tuseme sita. Kwenda na kurudi ni mita 800. Safari sita ni mita 4,800. Karibu kilomita tano, kila siku ya Mungu, na nusu yake mtu amebeba kilo 20 kichwani. Hapo mradi umetimiza lengo. Kwenye taarifa, kaya hiyo imeandikwa kwamba imepata huduma.

Tuendelee. Watu 250 mara lita 25 ni lita 6,250. Chukulieni kituo kina koki moja, inatoa lita 10 kwa dakika. Mnapata dakika ngapi? Dakika 625. Saa kumi na dakika 25. Koki isifungwe hata kidogo, mtu asisuuze ndoo, watu wasigombane, presha isishuke mchana. Nani hapa amewahi kuamka saa kumi alfajiri kwenda kuweka ndoo kwenye foleni? Inueni mikono.

Naona mikono. Naona mikono mingi sana.

Sasa niambieni: ninyi mlioinua mikono, mlihitaji profesa wa kuwaambia kwamba koki moja haitoshi? Mlijua. Mlijua mkiwa darasa la nne. Kilichokosekana ni nafasi kwenye meza ambayo namba hiyo huandikwa.

Serikali yetu ina kaulimbiu tunayoijua wote, kumtua mama ndoo kichwani. Naipenda na ninaiamini. Ila mhandisi akiisikia, ni lazima aisome kama sharti la usanifu. Mita 400 haijamtua mama ndoo. Imempunguzia safari. Kumtua kwenyewe ni bomba kuingia uani, na bomba kuingia uani maana yake ni chanzo kikubwa zaidi, mabomba mapana zaidi, dira za maji, na jumuiya ya watumia maji inayokusanya ankara bila wizi. Ni fedha nyingi. Kwa hiyo kwa miaka mingi ijayo bado tutajenga vituo vya kuchotea, na bado ndoo itapanda kichwani. Kama itapanda, basi tuseme itapandaje.

Nilifanya kazi katika kijiji kimoja mkoani Manyara. Mchoro wa kituo ulikuwa ule ule uliotumika kila mahali: nguzo, koki, na sakafu ya zege ambayo ndoo inakaa juu yake. Kituo kilikuwa imara, maji hayatuami, mifereji imetoka vizuri. Nikakaa kivulini kuangalia. Ndoo ikijaa, mwanamke anainama, anainyanyua kutoka sakafuni, anaipitisha kifuani, anaifikisha kichwani. Wakiwa wawili wanatwishana. Akiwa peke yake saa ya jua kali, anasimama kungoja apite mtu wa kumtwika. Mjamzito naye anangoja. Bibi naye anangoja. Maji yamefika, yako kwenye ndoo, na mtu hawezi kwenda nayo nyumbani.

Dawa yake ni kibaraza cha kutwikia: kiukuta kando ya koki, kinachofika usawa wa kifua. Unapandisha ndoo kwa hatua mbili badala ya moja, kisha unaingia chini yake wima, bila kukunja mgongo. Ni matofali machache, saruji kidogo na mchana mmoja wa fundi. Nilipolipeleka wazo hilo kwenye kikao, niliambiwa kwamba hayo ni mapambo, si uhandisi. Aliyesema alikuwa mtu mwema na mhandisi hodari, na mengi nimejifunza kwake. Lakini hakuwahi kujitwika ndoo maishani mwake. Kwake kazi ya kituo iliishia pale maji yalipotoka kwenye koki. Kwangu iliishia pale ndoo ilipotulia kichwani. Kibaraza kimoja kilijengwa. Vingine havikujengwa, bajeti ilikuwa imeshafungwa, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mabinti zangu, watu watawaambia kwamba mwanamke analetwa kwenye uhandisi ili idadi ipendeze. Mimi nasema analetwa kwa sababu kuna vipimo ambavyo hakuna kifaa kinachovisoma isipokuwa mwili wa aliyeifanya kazi hiyo.

Na si mwili wako peke yako. Kuna wanaojua kuliko wewe, hawana cheti, na hakuna anayewauliza.

Kulikuwa na mradi wa mserereko ambao maji yalikataa kufika vituo vya mwisho. Chanzo kiko juu, tanki limejaa, hesabu za mteremko ziko sawa kabisa, na vituo vya chini vikavu. Mafundi walikuwa wameanza kufukua bomba wakitafuta mahali lilipoziba. Wanaume wa kamati walituzungusha kutuonyesha mitaro. Mimi nilikwenda kukaa na kina mama kwenye kituo kikavu, nikawauliza: hapa maji yakija, yanakujaje? Mama mmoja akanijibu, "Mwanangu, hili bomba linakohoa. Usiku linakohoa, linatema maji kidogo, linanyamaza."

Bomba linakohoa! Mnasoma fizikia, mnajua anachosema. Hewa. Bomba la mserereko likipanda kilima kidogo katikati ya safari yake, hewa hukusanyika pale juu kwenye kigongo, na njia ya maji husinyaa mpaka wakati mwingine hufungika kabisa. Usiku, watu wa vituo vya juu wakifunga koki, presha inapanda, hewa inasukumwa kidogo, bomba linakohoa. Tukatembea juu ya njia ya bomba hadi kwenye kigongo. Palikuwa hapana valvu ya kutolea hewa. Kwenye mchoro ipo, ardhini haipo. Ikawekwa, na maji yakashuka.

Yule mama alikuwa ametoa taarifa kamili ya kitaalamu: dalili, saa na mpangilio wake. Alikuwa akiisema tangu mradi uzinduliwe. Aliambiwa nani? Jirani yake kwenye foleni. Nawaomba, mkiwa wahandisi, kabla hamjafukua mtaro nendeni kwenye foleni mkaulize.

Nizungumze sasa juu ya meno yangu. Walio mbele wameshayaona.

Nimezaliwa kwenye miteremko ya Mlima Meru. Miamba yetu ni ya volkano, ina madini ya floraidi, na maji yanayopita ndani yake huyabeba. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanatengenezwa, meno huota yakiwa na rangi ya kahawia. Hakuna mswaki wa kuliondoa doa hilo, limo ndani ya jino lenyewe. Floraidi ikizidi sana na kwa miaka mingi, inaingia kwenye mifupa. Kuna watoto kwetu miguu imepinda. Nilipokwenda shule ya bweni mkoa mwingine, wenzangu walidhani sijui kupiga mswaki. Nilijifunza kucheka nimeziba mdomo kwa mkono.

Mama yangu mzazi alichemsha maji ya kunywa kila siku, kama alivyofundishwa kliniki. Alimaliza kuni kwa ajili yetu. Kuchemsha huua vijidudu, na katika hilo alituokoa. Lakini floraidi haiondoki kwa moto. Maji yanapopungua kwa mvuke, yenyewe inabaki sufuriani, na kila lita inayobaki inakuwa nayo nyingi zaidi. Nilipolijua hilo nililia. Siku hiyo nilijua ninakwenda kusomea maji.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu miligramu 4, na kabla ya hapo hata 8 kwa maji ya vijijini, kwa kuwa maeneo mengine hayakuwa na chanzo mbadala. Msiwalaumu upesi walioandika hivyo. Kati ya maji yenye floraidi na kukosa maji kabisa, walichagua uhai. Lakini mjue kwamba nyuma ya kila kiwango kilichoandikwa kuna mtu aliyechagua nani avumilie nini.

Huko kwetu Arumeru kuna kituo cha utafiti, Ngurdoto, kinachoshughulika na kuondoa floraidi kwenye maji. Moja ya njia zake ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa katika tanuri lililodhibitiwa, inasagwa chengachenga, maji yanapitishwa humo. Kwa nini mifupa? Kwa sababu mfupa unaivuta floraidi. Tabia ile ile inayoifanya floraidi ituharibie mifupa yetu ndiyo inayotumika kuikamata kabla haijatufikia. Nikilieleza hili huwa nasisimka. Hiyo ndiyo kazi mnayoiendea, mabinti zangu: kulijua tatizo mpaka ndani, mpaka tatizo lenyewe likupe njia.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa kwenye kikao cha kuchagua chanzo cha mradi. Kulikuwa na kisima kirefu kinachotoa maji mengi mno, kila mtu amefurahi. Majibu ya maabara yalikuwa nyuma ya kabrasha, na floraidi ilikuwa juu. Mtu mmoja akasema watu wa eneo hilo wameshazoea. Niliomba ukurasa ule usomwe kwa sauti. Kisha nikawaambia wenzangu: nitazameni meno. Huku ndiko kuzoea.

Kisima hakikutumika. Tulitafuta chanzo kingine mbali zaidi, mradi ukachelewa, na wanakijiji walitulalamikia kwa haki yao, maana waliendelea kuchota mtoni. Sikuwaletea ushindi. Niliwaletea ucheleweshaji ambao ninaamini ulikuwa sahihi. Mara nyingi kazi yetu ina sura hiyo, na yeyote atakayewaambia kwamba uamuzi mzuri unapigiwa makofi hajawahi kufanya uamuzi.

Sasa niseme juu ya saini.

Kwetu Tanzania huwi mhandisi kwa kuwa umemaliza chuo. Ipo Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997, ipo Bodi ya Usajili. Ukihitimu unaandikishwa kama mhandisi mhitimu, unafanya mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu, ndipo unaomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Unakula kiapo. Tangu hapo saini yako ina uzito wa watu watakaokunywa, watakaovuka, watakaolala chini ya kile ulichokipitisha.

Nilikuwa nasimamia ujenzi wa tanki la zege. Tangu nifike saiti ile, kila nilipouliza swali, msimamizi wa mkandarasi alimjibu dereva wangu. Nauliza mimi, anajibiwa dereva. Na dereva, Mungu ambariki popote alipo, alikuwa akisema kila mara, "Muambie injinia." Hakuchoka kusema hivyo.

Siku ya kumwaga ukuta nikakuta fundi anaongeza maji kwenye mixa ili zege lipite kirahisi kati ya nondo. Tukalipima kwa koni, kipimo cha kuona kama zege lina maji mno: ukiinua koni linapaswa kusimama, hili likamwagika lote. Mnajua maana yake: maji ambayo saruji haikuyatumia yatakauka na kuacha vitundu, zege litakuwa dhaifu, tanki litavuja, nondo zitashika kutu. Fundi yule alikuwa mtu mzima, umri wa baba yangu. Nilimwamkia shikamoo, kisha nikalikataa zege lake. Yote mawili yalikuwa wajibu wangu. Wakaanza: dada, unatuchelewesha. Dada, weka saini tu, tutarekebisha kwenye plasta. Simu zikapigwa ofisini.

Sikuweka saini. Nikahakikisha vibarua wanalipwa siku yao, maana kosa halikuwa lao. Tukangoja vipande vya kupimia, ile michemraba ya milimita 150 inayovunjwa siku ya 7 na siku ya 28. Vipande vya ukuta uliomwagwa asubuhi, kabla sijasimamisha, vilishindwa. Ukuta ukabomolewa kwa nyundo.

Mtaniuliza, hapo uanamke uko wapi? Si ni zege tu? Uko hapa: mtu ambaye majibu yake yanapewa dereva, siku ya jambo kubwa anatarajiwa anyamaze. Wameshamzoesha. Kwa hiyo msikubali kwenye madogo. Akijibiwa mwingine swali ulilouliza wewe, liulize tena, kwa upole, ukimwita anayejibu kwa jina lake, mpaka akutazame.

Walimu na wazazi, na waajiri kama wapo, sehemu hii ni yenu.

Saiti nyingi nilizopitia hazikuwa na choo cha mwanamke. Wanaume wanaingia kichakani. Sisi tunaacha kunywa maji tangu asubuhi, kwenye jua kali, mpaka tunaugua njia ya mkojo. Ukiwa kwenye siku zako, ni hesabu nyingine. Buti zinazoletwa ni za saizi ya wanaume, na mguu unaocheza ndani ya buti juu ya jukwaa la mbao ni ajali inayongoja. Hatuombi kubembelezwa. Tunaomba choo kiandikwe kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na gharama za mradi, kama kipengele chenye bei yake, kwa sababu sote tunajua kisichoandikwa kwenye BOQ hakijengwi.

Kuhusu uzazi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na muda wa kunyonyesha hadi saa mbili ndani ya siku ya kazi. Nashukuru sheria ipo. Lakini saa mbili zitanisaidia nini kama mtoto yuko mjini na mimi niko saiti ambako gari linafika mara moja kwa siku? Mimi nilikodi chumba karibu na saiti, na mama yangu mzazi aliacha migomba yake akaja kulea. Nilikuwa na mama wa namna hiyo. Nawajua wenzangu waliokuwa hodari kuliko mimi, hawakuwa na mtu wa kuacha migomba, na leo hawako kwenye fani. Taifa liliwasomesha, kisha likawapoteza kwa kukosa chumba kimoja cha mtoto saitini.

Yapo yanayotia moyo. Mwaka 2020 aliyeteuliwa Naibu Waziri wa Maji alikuwa mhandisi, na mwanamke, Mhandisi Maryprisca Mahundi. Nilipoanza kazi, picha hiyo sikuwa nayo.

Nimalizie ili tufanye kazi. Mezani pale nimeweka michoro ya kituo cha kuchotea maji, ile inayotumika sasa. Njooni vikundi vikundi na kalamu nyekundu. Nataka mniandikie juu yake: ndoo inakaa wapi, mama mwenye mtoto mgongoni anasimama wapi, anayetumia magongo anafikaje, foleni inakaa upande gani jua likiwa kali, koki iwe ngapi. Andikeni na vipimo, si maneno matupu. Nitaondoka nayo na nitaipeleka kwenye kikao cha usanifu kama ilivyo, na majina ya shule zenu juu yake.

Kikundi cha kwanza, nani?